Sura ya Faduma Kwenye Bango

Hasira ya Faduma ilianza na samaki.

Alikuwa dukani kwake Nanyuki, mahali anapouza mapazia na mashuka na kushona pindo za wateja, simu ilipolia kumletea orodha ya vyakula vya wiki kutoka shirika la Mwili Mpya. Alisoma, akarudia, kisha akampigia rafiki yake Murugi kule Tetu.

"Murugi, hii salmoni ni nini?"

"Ati ni samaki," Murugi akajibu. Ng'ombe alikuwa akilia nyuma yake. "Nimeuliza soko yote ya Nyeri, hakuna mtu anaijua. Na hayo matunda ya rangi ya buluu, hata mwenye kuuza miche hajawahi kuyaona."

"Na mimi nikiuliza kama naweza kunywa maziwa ya ngamia, naambiwa fuata menyu."

Siku hiyo walicheka. Wanawake hawa wawili walijuana katika chumba cha dawa za saratani, hospitalini Nyeri, wakiwa wamekalia viti vilivyotazamana, dripu mikononi, vichwa vitupu kama mayai. Murugi alikuwa mkulima wa majani chai, mwenye ng'ombe wawili na mdomo usio na breki. Faduma alikuwa Msomali wa Nanyuki, mke wa Guled, mnunuzi wa mbuzi na kondoo. Kila mmoja alikuwa amekatwa titi moja. Murugi alipenda kusema kwamba wakikaa bega kwa bega wanatosha mwanamke mmoja mzima, na Faduma, ambaye kwao maneno kama hayo hayatoki kinywani, alicheka siku ya kwanza mpaka muuguzi akaja kushika dripu isichomoke.

Dawa zilipokwisha na matibabu ya miale yakaisha, wote wawili waliambiwa wamepona, waende nyumbani. Hapo ndipo Faduma alipojua kwamba kupona nako ni kazi. Mkono wa upande aliopasuliwa ulivimba. Mwili ulinenepa bila kula kitu cha maana. Akiinama kuokota sindano, alihema kama aliyepanda mlima. Na nyumbani hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu wakwe zake waliuita ugonjwa ule "kile kitu", na mtu akishakiita kitu jina hilo hawezi tena kukuuliza unaendeleaje.

Kwa hiyo shirika la Mwili Mpya lilipompigia simu kumwambia kuna mafunzo ya bure ya lishe na mazoezi, yote kwa simu, kwa wanawake waliopona saratani ya matiti, alikubali hata kabla hawajamaliza kueleza.

"Tunatafuta hasa akina mama wa jamii ndogo," aliyepiga simu alisema. "Wasomali, Wayaaku, Waturkana. Wale wa kusahaulika."

Faduma hakupenda kuitwa wa kusahaulika. Alizaliwa Nanyuki, na baba yake alizaliwa Nanyuki. Lakini alisema asante.

Na haki isemwe: mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Alifunga mlango wa chumba, akavua mtandio, akaweka simu juu ya kabati na kumfuata Kocha Wendy, msichana mwembamba mwenye sauti ya furaha, akinyoosha mikono, akizungusha kiuno, akiruka kidogo. Mkono ulianza kupungua. Siku moja aliteremsha jora la kitambaa kutoka rafu ya juu bila kumwita mtu, akasimama katikati ya duka akilikumbatia kama mtoto aliyerudi kutoka safari. Jioni wanawake waliandikiana kwenye grupu, wa Karatina, wa Mwea, wa Othaya, wakipeana moyo na kutaniana juu ya salmoni.

Mkurugenzi wa shirika mwenyewe, Bwana Wambugu, alikuja Nanyuki na mpiga picha. Faduma alivaa hijabu yake ya samawati. Alipigwa picha akicheka, mlima nyuma yake ukiwa umetoka mawinguni. "Hii itawapa wengine moyo," Wambugu alisema, na Faduma alikubali kwa moyo mweupe.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Mazoezi yalikuwa yamepangwa saa ileile ya kufuturu. Faduma aliomba yasogezwe kidogo, yeye na mama mwingine wa Isiolo. Akajibiwa kwamba ratiba ni ya wote. Mchana simu ilimletea ujumbe: *Hujatuma picha ya chakula chako cha mchana. Usiruke mlo!* Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Alieleza kwamba amefunga. Jibu likaja na picha ya bakuli la mboga.

Kumbe walimtafuta kwa sababu ni Msomali, alijiambia, na sasa wamemkuta hawataki awe Msomali. Alimeza hilo pia. Mgeni hachagui kiti, na yeye hapo alijihisi mgeni.

Baada ya Idi, maumivu yakaanza. Yalikuwa kiunoni, chini kidogo upande wa kushoto, kama mtu ameweka msumari na kuusukuma polepole bila haraka yoyote. Faduma alimwandikia Kocha Wendy. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini.

*Hongera Mum! Maumivu ni mwili unaamka. Usikubali uvivu ukurudishe nyuma!*

Chini yake kulikuwa na picha ya mkono uliokunjwa misuli.

Akaandika tena wiki iliyofuata. Jibu likawa lilelile, neno kwa neno, mkono uleule. Akapunguza kuruka, kwa kuwa kuruka kulimtoa machozi. Ijumaa hiyo jina lake likatokea kwenye grupu kwa rangi nyekundu, pamoja na majina mengine machache, chini ya maandishi makubwa: WANAOLALA.

Wanaolala! Mwanamke anayeamka kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, anayepika, anayefungua duka, anayeshona mpaka macho yanamwuma. Faduma alisikia uso unamwaka moto. Akaondoa kitambaa kwenye cherehani, akafunga mlango, akaruka. Aliruka huku ameuma mtandio kwa meno ili wateja nje wasimsikie.

Murugi alipolisikia hilo kwenye simu alipiga kelele mpaka Faduma akasogeza simu mbali na sikio.

"Wee Mama Sabirin!" Sabirin ni binti ya Faduma, aliyeolewa Isiolo. "Hiyo si mazoezi tena. Hiyo ni kitu ingine. Kuja Nyeri uonekane na daktari, ama nikuje huko nikubebe na mgongo kama gunia ya chai."

Akaenda. Daktari alimpeleka kupigwa picha ya mifupa, na picha ilipotoka aliiangalia kwa muda mrefu kuliko Faduma alivyopenda.

"Umeumwa tangu lini, mama?"

"Tangu baada ya Idi."

"Na ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa naruka."

Daktari aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Faduma akamweleza. Daktari akaweka picha chini, akamwambia taratibu kwamba saratani imerudi, imeingia kwenye uti wa mgongo. Haikuletwa na kuruka, hapana, hilo asijilaumu. Lakini pingili moja ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba, na kama angeendelea, ingeweza kuvunjika na kumwacha bila miguu. Zipo dawa, alisema. Hazitauondoa ugonjwa wote, lakini zitaushika, na watu wanaishi nao. Kilichoharibika ni muda uliopotea.

Faduma hakulia pale. Alirudi Nanyuki, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuvua viatu, ni kuandika kwenye grupu: *Dada zangu, imerudi. Iko kwenye mfupa. Nilidhani ni uvivu. Mtu akiumwa asingoje kama mimi, aende hospitali.*

Aliketi akisubiri. Hakuna aliyejibu. Kisha kwenye kioo cha simu kukatokea mstari mmoja mdogo wa kijivu: msimamizi amekuondoa.

Alidhani ni mtandao. Guled alichukua simu, akaizima, akaiwasha. Mstari ulikuwa palepale.

Asubuhi alimpigia Wambugu.

"Mama, tafadhali usichukulie vibaya," Wambugu alisema, kwa sauti laini ya mtu aliyezoea kuongea na wafadhili. "Mwili Mpya ni ya waliopona. Ndiyo masharti tuliyopewa. Na pia tunalinda roho za wenzako. Ujumbe wako uliwatisha wengi."

"Na roho yangu mimi, nani anailinda?"

"Kuna vikundi vingine, mama. Vya wagonjwa kama nyinyi."

"Mimi niliwaandikia naumwa. Mkaniambia nalala."

"Hiyo ni idara ya makocha. Nitafuatilia."

Hakufuatilia. Faduma alianza sindano na vidonge. Maumivu yalipungua, lakini hasira ilikaa palepale. Alikuwa nayo alipokuwa akipima mapazia, alipokuwa akisali, alipokuwa akimpakulia Guled chakula, na Guled, mtu wa maneno machache aliyezoea minada ya mifugo ya Doldol ambako watu hupatana bei kwa kushikana vidole, alikula akarudi kwa mbuzi wake.

Ndipo Murugi alipotuma picha. Ilikuwa ya bango kubwa la plastiki lililotundikwa karibu na stendi ya Nyeri. SIKU YA WASHINDI. TULISHINDA, NAWE UTASHINDA. Katikati ya bango, akicheka, hijabu ya samawati, mlima nyuma yake, alikuwa Faduma.

*Si huyu ni wewe?* Murugi aliandika.

Faduma alimpigia hapohapo. "Kwa hiyo sura yangu bado ni nzima. Mwili ndio waliouondoa."

"Hata mimi nimeshangaa."

"Na wewe bado uko humo ndani, Murugi? Bado unaruka na Wendy?"

"Niko humo," Murugi akasema. "Niko humo juu ya vile mkono yangu imepona na hizo mazoezi. Huko Tetu sina mtu ingine wa kuongea na yeye hii maneno. Unataka nitoke?"

Faduma alitaka kusema ndiyo. Alitaka Murugi atoke, na wote watoke, na jengo la Mwili Mpya liporomoke na mwenye kulijenga akiwa ndani. Lakini alimfahamu Murugi, na alijua amemwuliza swali la kweli.

"Sitaki utoke," alisema hatimaye. "Nataka unishikie hilo bango."

Guled alipoambiwa, aliweka kikombe chini. "Wacha niende mimi. Mwanamume na mwanamume."

"Titi si lako, na mgongo si wako. Utanipeleka tu."

"Faduma, hasira hizi zitakuua."

"Guled, kinachoniua tunakijua jina. Hasira hazimo."

Jumamosi ya Siku ya Washindi walishuka Nyeri kwa pikapu ya kubebea mbuzi, Faduma amekalia mito ili mgongo usitikiswe, bado kuna harufu ya mbuzi. Sherehe ilikuwa kwenye bustani ya hoteli moja nje ya mji. Hema jeupe, viti vimevalishwa vitambaa vya waridi, wanawake wa grupu wamevaa fulana za waridi. Bango lilelile lilikuwa limefungwa kwenye nguzo mbili mbele ya hema, na kando yake meza yenye sahani, ua na mkasi mpya wa kukatia utepe. Wambugu alikuwa akiongea kwenye kipaza sauti. Wageni wa heshima walikuwa wakitabasamu.

Faduma alipita katikati ya viti. Alitembea polepole kwa kuwa hakuweza kutembea vingine, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyemzuia. Mtu anayekwenda polepole huonekana ana haki ya kwenda. Wengine walianza kumtambua. Walimtazama yeye, wakalitazama bango, wakamtazama tena.

Akachukua mkasi.

"Mama Faduma," Wambugu alisema, bado kwenye kipaza sauti, na jina likavuma bustani nzima. "Karibu, karibu. Tutaongea ofisini baada ya..."

"Ofisini nilipiga simu."

Alinyoosha mkono kuelekea bango, lakini mkono ule wa upasuaji haukupanda. Ulikuwa umevimba tena tangu alipoondolewa. Alijaribu kwa mkono mwingine na mgongo ukamkata. Akasimama hapo, mkasi mkononi, mbele ya watu wote, sura yake kubwa ikimcheka kutoka juu, na kwa muda alidhani itabidi ageuke arudi kwenye pikapu.

Murugi aliinuka katika safu ya pili. Fulana yake ya waridi ilikuwa kubwa mno, imening'inia. Alifika kwenye nguzo, akafungua kamba ya upande mmoja, bango likalegea, akalishika kwa mikono miwili na kulivuta chini mpaka sura ya Faduma ikawa kifuani mwake.

Faduma akakata. Plastiki ilikuwa ngumu na mkasi ule ulikuwa wa maonyesho tu, wa kukata utepe, si wa kazi. Ilimbidi akate kidogo kidogo. Alikata kuzunguka hijabu, akakata kidevu, akakata mlima wote uliokuwa nyuma yake. Wambugu alisema "Mama, hiyo ni mali ya shirika," na Faduma akamjibu bila kugeuka:

"Sura?"

Alipomaliza alikunja kipande, akakiweka kwapani na kuwageukia wanawake. Alikuwa amepanga hotuba ndefu. Ilimtoka yote kichwani.

"Mimi niliandika naumwa," alisema. "Nikaandika tena. Nikaambiwa nalala. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake, lakini unaweza kuuliza. Hawakuuliza. Nilipowaambia nyinyi, wakanitoa ili msinisikie. Sasa mmenisikia."

Alitarajia, pengine, mtu mmoja apige makofi. Badala yake mwanamke mmoja wa makamo aliinuka. Alikuwa Magdaline wa Karatina, ambaye kwenye grupu alikuwa mcheshi kuliko wote.

"Kwa nini umekuja kutufanyia hivi?" alisema. "Tulikuja kufurahi siku moja tu. Umetuletea mkosi."

Hilo ndilo lililomwumiza Faduma kuliko ya Wambugu yote. Kwa sababu aliona macho ya Magdaline, na hayakuwa na chuki. Yalikuwa na woga mtupu, woga uleule ambao yeye mwenyewe alikuwa nao zamani akimwona mgonjwa aliyerudi wodini. Guled alimshika kiwiko, wakaondoka.

Baada ya siku chache shirika lilimtumia ujumbe: *Tunasikitika kama uliumia kwa namna yoyote.* Neno "kama" lilimfanya aitupe simu kwenye rundo la mashuka. Bango jipya lilitundikwa stendi, lenye mama mwingine anayecheka.

Kocha Wendy alikuja dukani mwenyewe. Bila kioo cha simu alikuwa mdogo, karibu rika la Sabirin, na ile sauti ya furaha hakuja nayo.

"Pole, Mum. Haki, pole. Tulikuwa makocha wawili tu, na nyinyi ni wengi. Majibu yako tayari. Mtu akiandika maumivu, unabonyeza, linaenda."

"Kwa hiyo hukusoma."

"Nilisoma." Wendy alifuta pua. "Nilisoma haraka."

Faduma alimwekea chai ya iliki, kwa maana mgeni ni mgeni. "Sikusamehei leo," alisema. "Kesho sijui. Lakini ukirudi kazini, mtu akikuandikia anaumwa, muulize wapi, muulize tangu lini, mtume hospitali. Hata mtoto anaweza."

"Nimeacha kazi, Mum. Singeweza kuendelea."

Faduma aliweka birika mezani kwa kishindo hata chai ikaruka. "Umeacha? Umewaacha na nani sasa? Na ile mashine ya mkono uliokunjwa?"

Wendy alikunywa chai yake huku analia, na Faduma alimwacha alie.

Kisha simu zikaanza, moja moja, kwa siri. Wanawake wa grupu walipata namba yake kwa Murugi, aliyebaki humo kwa makusudi, macho wazi. Mmoja ana kizunguzungu. Mwingine ana uvimbe chini ya kwapa. Faduma hakuwajibu kwa upole. "Mbona unanipigia mimi badala ya kuwa kwenye foleni ya daktari?" alikuwa akifoka. "Vaa viatu!" Wakavaa.

Wa mwisho alikuwa Magdaline. Alianza kwa kuomba radhi, na Faduma alikaribia kukata simu. Lakini aliisikia pumzi ya yule mama, fupi, ya mtu anayeogopa kuvuta hewa.

"Unaumwa wapi?" Faduma akauliza.

"Mbavu. Nikikohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ile siku. Ndiyo maana nilikutukana."

Murugi alimpokea hospitalini Nyeri, akakaa naye mpaka picha ikatoka. Jioni Magdaline alipiga simu, akicheka na kulia. Ulikuwa ubavu mmoja tu umepata ufa, alianguka bafuni. Hakuna kingine. Mifupa yote ni safi.

"Alhamdulillahi," Faduma alisema, na alimaanisha. Alifurahi, wallahi alifurahi, akamwambia apumzike na asiruke. Alipoweka simu chini akaketi sakafuni, mapazia ya wateja yakining'inia pande zote, akalia kwa hasira, akipiga jora la kitambaa kwa ngumi, akiuliza kwa nini mfupa wake yeye haukuwa na ufa tu.

Mteja alibisha. Alitaka pazia la sebule, la kijani, lenye kukunjwa mara mbili. Faduma akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akajishikilia mezani, akainuka taratibu, akatafuta futi ya kupimia.